Chupa Isirudi Nusu

Uongozi wa Kituo cha Vipimo unawatangazia wageni wote kwamba saa iliyo juu ya mlango wa ukumbi inakwenda mbele, na kwamba haitarekebishwa mpaka ngazi itakapopatikana. Wageni wanaombwa kujirekebisha wenyewe.

Tangazo hilo lilikuwa na muhuri mmoja na saini mbili. Mshonaji alilisoma tena na tena, si kwa kuwa lilimhusu, bali kwa kuwa ndilo andiko pekee ukutani lililoandikwa kwa lugha ya watu. Alikuwa ameketi mstari wa tatu, mtoto wake mchanga amelala mapajani, katikati ya watu waliokwisha kutoa mkojo, damu, nywele au maziwa kwa ajili ya utafiti. Utafiti wenyewe ulitaka kujua ni kiasi gani cha kemikali za kuzuia moto, zile zinazotiwa katika sponji za makochi na magodoro, huishia ndani ya miili ya watu. Aliyeuendesha alikuwa kijana mwembamba mwenye adabu nyingi, ambaye mtaa mzima ulimwita Bwana Chupa. Jina lake halisi alilitaja siku ya kwanza, lakini watu huona taabu kukumbuka jina la mtu waliyemkabidhi mkojo wao.

"Mkojo unatusimulia habari za jana," alieleza Bwana Chupa. "Kemikali za kisasa zinaingia leo, kesho nyingi zimeshatoka. Za zamani, zile ambazo viwanda vimekwisha kukatazwa kuzitumia, ni wageni wa aina nyingine. Zinapenda mafuta. Zikishaingia mwilini zinakaa miaka, na kwa mama anayenyonyesha hutokea kwenye maziwa. Ukipima maziwa, umepima miaka."

"Kumbe maziwa ni mmbeya kuliko mkojo," alisema mzee mmoja nyuma, na watu wakacheka.

"Kwa maana hiyo, ndiyo," alijibu Bwana Chupa, ambaye alikuwa amefundishwa kutompuuza mshiriki yeyote.

Kisha akafunua mchoro. Kila nukta, alisema, ilikuwa mama mmoja, na siri ya kila mama ililindwa. Ni kweli kwamba majina hayakuwapo. Palikuwa na kazi tu. Nukta za makarani zilisongamana chini, na za walimu vivyo hivyo, na za wauza nguo zilikuwa zimepanda kidogo. Katika safu iliyoandikwa "ushonaji wa makochi" palikuwa na nukta moja, juu kabisa, karibu kutoka nje ya karatasi. Ukumbini palikuwa na mama mmoja mshona makochi. Vichwa viligeuka kwa staha, kimoja kimoja, kama watu wanaotazama nani ameingia.

Mshonaji aliinua mkono. "Nukta ile ya juu," aliuliza, "inaruhusiwa kunyonyesha?"

"Ushauri wa jumla ni kwamba akina mama wote waendelee kunyonyesha. Faida za maziwa ya mama zinajulikana, na ni nyingi."

"Jumla ni hao wa chini. Mimi naulizia wa juu."

Bwana Chupa alitazama mchoro wake kana kwamba nukta ingeweza kushuka kwa kuombwa. "Kwa kiwango kile hakuna kikomo kilichowekwa, dada. Hatuwezi kusema ni salama, wala hatuwezi kusema si salama."

"Sasa mnaweza kusema nini?"

"Kwamba iko juu."

Mwanamke aliyeketi jirani yake alihamisha begi lake upande wa pili. Huenda lilikuwa likimwumiza paja.

*

Habari ilimtangulia nyumbani. Alipofika, mumewe, Fundi, alikuwa amepiga magoti nyuma ya kochi la watu watatu, vijimisumari amevibana midomoni, na hakuvitema kumwamkia. Karakana yao ilikuwa chumba cha mbele. Mifupa ya makochi iliegemezwa ukutani, cherehani ilikaa dirishani, na magunia ya sponji yalipangwa hadi darini. Sponji hiyo Fundi aliinunua kutoka kwa watu wanaobomoa viti vya ofisi za zamani, na aliilipia bei ya juu kuliko sponji mpya, kwa sababu ilikuwa nzito, haikubonyea, na ilikuwa na sifa moja iliyompatia wateja: haikushika moto. Alikuwa na desturi ya kumwita mteja karibu, kuwasha kiberiti chini ya kipande cha sponji, na kumwonyesha jinsi moto unavyokataa. "Kochi langu," alizoea kusema, "litazikwa pamoja na mwenyewe." Kwa miaka mingi hakuna aliyejiuliza ni nini kilichokuwa kikiukataa moto huo.

Mama mkwe alikuwa ameketi juu ya kochi lisilo na kitambaa. Alinyoosha mikono.

"Nipe mume wangu," alisema. Alimwita mjukuu wake mume tangu siku alipozaliwa, na hakuwa mke mvumilivu. "Hamjambo huko mlikotoka? Nasikia umekuwa wa kwanza."

"Mama, daktari hakusema maziwa ni mabaya."

"Alisema ni mazuri?"

"Hakusema."

"Basi. Mtu akiulizwa habari ya uji akanyamaza, uji una nzi." Alimpokea mtoto, akamnusa shingoni kama anayetafuta harufu ya kiwanda. "Kuanzia leo mume wangu atanyonya kwa shangazi yake. Shangazi hashiki sponji, kazi yake ni kusuka nywele. Ana maziwa ya kulea pacha."

Shangazi huyo, dada yake Fundi, aliishi chumba cha nyuma pamoja na binti yake wa miezi minane. Alikuwa mlangoni, chanuo limechomekwa nywelini. "Mimi sina neno, wifi," alisema kwa sauti ya mtu ambaye hakuulizwa. "Ila huyu wangu anang'ata."

Mshonaji alimtazama mumewe. Fundi alipigilia msumari ambao ulikuwa umekwisha kuingia.

Lipo jambo ambalo watu watatu katika chumba kile walilijua na mmoja hakulijua, na asiyelijua alikuwa Fundi. Siku ya kutoa sampuli, Bwana Chupa aliacha chupa ya kioo, akaeleza ijazwe kufikia mstari, na akasema angeipitia jioni. Siku hiyo mtoto alikuwa na homa, alinyonya mchana kutwa, na mshonaji alipojikamua alipata nusu. Alipanga kumwambia Bwana Chupa arudi kesho. Lakini mama mkwe aliiona chupa mezani, na akaona aibu. Katika maisha yake hakuwahi kumpa mgeni kikombe kisichojaa. Mkono mtupu haulambwi, alisema, na nyumba hii haijawahi kurudisha chombo cha mtu nusu. Akamwita binti yake. Wifi akakaa kitako, akakamua bila swali, na maziwa yakafika kwenye mstari na kuupita kidogo, kama inavyotakiwa katika nyumba za watu. Bwana Chupa alishukuru sana. Alisema ni washiriki wachache wanaojitoa kiasi kile.

Kwa hiyo nukta ile ya juu haikuwa mama mmoja. Ilikuwa mama wawili, na haikuwezekana kujua ni yupi aliyempandisha mwenzake. Mshonaji alilifikiri hilo tangu ukumbini, njia nzima. Alikuwa amesubiri mama mkwe alikumbuke mwenyewe. Aliposikia shangazi akitajwa kuwa safi alielewa kwamba mama mkwe alikuwa ameisahau chupa, kama mtu anavyosahau kila kikombe cha chai alichowahi kumjazia mgeni.

*

Mtoto alikubali titi la shangazi yake siku ya pili, kwa njaa. Mshonaji alisikia kilio kikikatika ghafla upande wa nyuma, akaendelea kushona. Maziwa yake yalitoka yenyewe yakalowesha gauni, na akaona doa limefika kwenye kitambaa cha mteja. Alijikamua ndani ya beseni, akaenda kumwaga uani. Paka wa jirani alisogea, na mama mkwe akamfukuza kwa kandambili. "Mwacheni kiumbe wa watu," alisema, na hakuwa anamwambia paka bali mshonaji.

Mteja mmoja alirudisha mito miwili. Alisema rangi haikumpendeza, ingawa rangi aliichagua yeye. Mwingine alipiga simu kuuliza kama kochi lake linaweza kujazwa pamba. Fundi alimwambia pamba inashika moto, na mteja akasema, "Afadhali moto, Fundi. Moto unauona." Fundi aliikata simu akabaki ameishika mkononi.

"Si uniambie," alimwambia mkewe walipobaki wawili. "Mbona unanitazama hivyo tangu juzi?"

Ndipo alipomwambia habari ya chupa. Fundi alisikiliza hadi mwisho, kisha akaketi juu ya gunia.

"Wawili?"

"Nusu kwa nusu. Pengine dada yako zaidi."

"Mwambie mama."

"Wewe ndiye mwanawe."

"Wewe ndiye mwenye maziwa."

"Na nimwambie nini? Kwamba amepika majibu? Mama yako akisikia amekosea mbele ya wageni hatakula wiki nzima, na atakayelaumiwa kwa kukonda kwake ni mimi. Wewe ukimwambia, atakupiga kofi moja, yaishe."

Fundi alilitafakari kofi hilo, na inaelekea aliliona kubwa. "Tungoje," alisema. "Bwana Chupa anarudi kuchukua vumbi la kupima. Tutaona."

"Mume wangu, maziwa hayangoji. Yasiponyonywa yanakauka. Halafu hata wakija kusema nilikuwa mzima, nitakuwa mzima na sina kitu."

Fundi alisimama, akapangusa sponji iliyomganda kwenye suruali, na ikarudi pale pale.

Ikumbukwe kwamba katika siku hizo zote mtoto alilala mchana mahali alipolala tangu kuzaliwa, yaani katika sanduku lililojazwa mabaki ya sponji, nyuma ya cherehani, kwa kuwa ndipo palipokuwa laini. Suala la sanduku halikujadiliwa. Familia ilikuwa imeambiwa habari ya maziwa, na ilikuwa inashughulika na maziwa.

*

Bwana Chupa alikuja na mashine ndogo ya kufyonza vumbi na mifuko safi. Alifyonza chini ya cherehani, juu ya kabati, kando ya magunia. Alipofika kwenye sanduku alisimama.

"Hapa analala nani?"

"Mume wangu," alisema mama mkwe.

Bwana Chupa alimtazama Fundi, kisha sanduku. Urefu haukulingana. Alipoeleweshwa, alisema kwa upole kwamba mtoto angelala mahali pengine, juu ya nguo tupu, na sakafu ingepanguswa kwa kitambaa chenye maji badala ya kufagiwa, na mikono ingeoshwa kabla ya kumshika. Mama mkwe alitikisa kichwa kukubali kila neno, kama anayepokea maagizo ya dawa ambayo mgonjwa wake si huyu.

"Hayo tutafanya. Na maziwa tumeshayamaliza," alisema kwa fahari. "Mtoto sasa ananyonya kwa binti yangu. Huyo hana sponji hata chembe."

Wifi alikuwa ameketi kizingitini na watoto wawili, mmoja kila upande. Alikuwa amepungua usoni.

Mshonaji aliuacha mkasi. Alikuwa ameyapanga maneno haya kwa siku nyingi, kwa adabu, yakianza na samahani na kumalizika na samahani. Yalipotoka hayakuwa na hata moja.

"Chupa ile haikuwa yangu peke yangu."

Cherehani ya jirani ilisikika ikizunguka.

"Ilikuwa nusu," aliendelea. "Nusu ya pili ni ya wifi. Kama kuna sumu, sijui iko upande gani. Na wewe hujui. Na karatasi yako haijui."

Bwana Chupa aliweka mfuko wa vumbi mezani kwa uangalifu mno. "Dada, ungeniambia tu. Nusu ingetosha. Hata robo ingetosha."

"Ulisema hadi kwenye mstari."

"Mstari ni... mstari ni wa makadirio."

Watu wote walimtazama mama mkwe. Mama mkwe alikuwa amenyooka kama mtu aliyeitwa jina lake mahakamani, na kwa muda ilionekana atakana. Kisha alifunga upya kanga yake kiunoni.

"Msimtafute mtu, aliyejaza ni mimi," alisema. "Ulikuja kwangu na chombo kitupu, baba. Ulitaka nikurudishie nusu? Ukaseme huko kwenu kwamba nyumba ya fundi makochi haina maziwa?"

"Hapana, mama."

"Ningejua unapima, ningepima. Mimi nilidhani unaomba."

Wifi alikuwa ameacha kupangusa mdomo wa binti yake. "Ngoja kwanza," alisema polepole. "Kwa hiyo hiyo nukta inaweza kuwa mimi?"

Aliwatazama wote, mmoja mmoja.

"Mimi sishiki sponji! Mimi nasuka nywele za watu! Kaka, mimi sponji nimeitoa wapi?"

"Godoro," alisema Fundi. Lilikuwa neno lake la kwanza siku hiyo. "Godoro lako nililijaza mimi. Na la mama. Na mito yote ya nyuma." Akaongeza, kwa kuwa alikuwa mtu mkweli katika kazi yake, "Mabaki ya viti vya ofisi. Yale mazuri."

Wifi aliwashusha watoto wote wawili chini kwa wakati mmoja, na wote wawili wakalia. Kisha akamwinua wake tu.

Bwana Chupa alisema angepima upya, kila mama na chupa yake. Alipiga simu akiwa uani, akizunguka beseni. Aliporudi alieleza kwamba fungu la fedha za vipimo vya maziwa lilikuwa limekwisha mwezi uliopita, lakini fungu la vumbi bado lilikuwa na nafasi. Angeiandikia kamati ya utafiti, na kamati ingeamua.

"Sasa mpaka hiyo kamati iamue," aliuliza mshonaji, "huyu anakula nini?"

"Ushauri wa jumla..." alianza Bwana Chupa, akaona nyuso zao, akaondoka na vumbi lake.

*

Wakanunua maziwa ya kopo kwa hela iliyokuwa imewekwa kwa ajili ya vitambaa. Mama mkwe mwenyewe ndiye aliyeyakoroga, na kwa kuwa kopo lilikuwa ghali aliongeza maji, na kwa kuwa aliongeza maji mtoto hakushiba, na tumbo likamvuruga. Wifi alihamishia kazi yake kwa shoga yake, akarudi jioni tu, na godoro lake akalisimamisha uani, likiegemea ukuta, mahali ambapo mvua ingelikuta. Alilala juu ya mkeka na kuamka akilalamika mgongo. Fundi aliacha kuwaonyesha wateja kiberiti. Mteja mmoja wa zamani alimwomba amwonyeshe, kwa kumtania, na Fundi akasema kiberiti kimelowa.

Maziwa ya mshonaji yalianza kupungua. Asubuhi moja alijikamua akapata kiasi kisichofunika hata kitako cha beseni. Alikaa akikitazama. Kisha alinawa mikono hadi viwikoni kwa sabuni ya kufulia, akabadilisha gauni, akaenda chumba cha nyuma, ambako mama mkwe alikuwa akimbembeleza mtoto aliyekuwa akikataa kijiko.

"Nipe mtoto, Mama."

"Tungoje kamati."

"Kamati haina maziwa, Mama."

Mama mkwe aliangalia kijiko, akaangalia kopo. "Na ikitokea ni wewe?"

"Itakuwa ni mimi. Ikitokea ni wifi, itakuwa tumemwachisha mtoto kwa mama yake tukampa sumu yenyewe. Ikitokea ni wote, je? Utamnyonyesha wewe?"

"Ningeweza," alisema mama mkwe, "ningemnyonyesha." Na machozi yakamlenga, jambo ambalo mshonaji hakuwahi kuliona, na ambalo halikuwamo katika hesabu zake. "Nilitaka tu isirudi nusu. Mgeni asituone hatuna."

"Najua, Mama."

"Watu wanatuona hatuna kila siku."

"Najua."

Mama mkwe akamtoa mtoto, kwa mikono miwili, kama anavyotoa kikombe. Mtoto alilikuta titi, akaliacha, akalia kwa hasira ya aliyedhulumiwa, kisha akalirudia. Ilichukua muda maziwa yashuke. Yaliposhuka, hakuna aliyejua lipi ni la kusema: hongera au pole.

Mtoto alikuwa bado akinyonya siku chache baadaye, mahali pale pale, sakafu ikiwa imepanguswa kwa maji na sanduku limetolewa nje, wakati Bwana Chupa alipobisha hodi akiwa na uamuzi. Hakuwa na chupa safari hii, na mikono yake ilionekana haina kazi. Alikaribishwa kiti. Alikitazama kiti kwa chini, akasema atasimama. Wifi alitoka nyuma akasimama kando ya kaka yake. Bwana Chupa akakohoa, akasoma.

"Kamati ya Utafiti imepokea taarifa ya mtafiti na kuitafakari kwa kina. Kamati imeamua yafuatayo. Kwanza, sampuli inayohusika ifutwe, kwa kuwa haimwakilishi mtu mmoja. Pili, kwa kuwa sampuli imefutwa, mshiriki ahesabiwe kuwa hana matokeo, na asiye na matokeo hawezi kupewa ushauri juu ya matokeo hayo. Tatu, mshiriki ashukuriwe kwa moyo wake wa kujitolea, pamoja na mtu wa pili, ambaye Kamati haimtambui."

"Mimi huyo," alisema wifi.

"Sasa baba," alisema mama mkwe, "anyonye au asinyonye?"

Bwana Chupa aligeuza karatasi. Upande wa pili palikuwa na maandishi, machache.

"Nne," alisoma. "Suala la iwapo mtoto anyonye au asinyonye liko nje ya madaraka ya Kamati hii, na litapelekwa kwa kamati ndogo itakayohusika, pindi itakapoundwa."